Mshahara Niliokataa Kula

Makubaliano yetu yalikuwa mafupi: mimi nifanye kazi shambani, yeye anilishe na anipe pa kulala. Hakuna aliyetaja kitu kingine. Mama, kama kila mtu alivyomwita mwenyeji wangu, aliniambia mwenyewe kwa simu kabla sijatoka Muthara, kwa sauti ya mtu anayepigana na mbuzi huku anaongea: "Utakuja, utafanya kazi, utakula. Basi." Nikasema asante, Mama. Sikujua kwamba kati ya hayo matatu, la mwisho ndilo litakalonishinda.

Mimi ni mtu wa juu, wa milima ya Meru. Nilizaliwa nyuma ya mji wa Maua, mahali ambapo migomba inafika mlangoni na mtu akilala na njaa anaulizwa kama ni mgonjwa. Baada ya kuolewa na kuachika nilifungua duka la nguo Muthara, na wakati ninaousimulia duka lenyewe lilikuwa limeshafungwa. Marehemu mama yangu alikuwa ameniachia kipande cha shamba. Kaka zangu walitaka kipandwe miraa na kinyunyiziwe kila dawa inayouzwa. Mimi nilitaka kulima chakula, tena bila sumu, na sikujua nianzie wapi. Ndipo nikasoma, kwenye kikundi cha simu cha wakulima wasiotumia kemikali, kwamba kuna mjane upande wa Kiambere, kule Mbeere, anayepokea watu wa kujitolea na kuwafundisha. Wengi waliomtembelea walikuwa vijana wa kizungu. Nikajiuliza, kwani mzungu ana mikono gani ambayo mimi sina?

Shangazi yangu aliponiona nikifunga begi alicheka mpaka akakaa chini. "Unaenda Mbeere? Chunga usilishwe kitu." Kwetu huo ni utani wa kila siku. Watu wa juu tumewasema watu wa chini tangu zamani, kwamba wanajua dawa, kwamba vyungu vyao vina mambo. Nikacheka naye. Lakini siku ya kwanza Mama aliponiwekea sahani, niliiombea, na niliiombea kwa muda mrefu kidogo kuliko ninavyoombea chakula cha nyumbani. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanihurumia bure.

Boma lake liko kwenye mteremko mkavu unaotazama bwawa. Nyaya nene za umeme zinapita juu ya paa lake zikienda zinakokwenda, na yeye anapikia kuni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miguu ya kutembea na mdomo wa kuchokoza. Aliniita "msichana yangu" ingawa nina mvi zangu. Alinifundisha kuchimba mashimo ya kushikilia maji, kutwanga majani ya mwarobaini na kuyachuja, kunyunyiza majivu kwenye mimea kabla ya umande kukauka. Nikikosea hakufoka. Alisimama tu akashika kiuno na kuniangalia, kisha akasema, "Haya, maliza kuharibu, halafu tutengeneze." Nilimpenda upesi, na nilichoka kila siku mpaka nikawa nasinzia nikiwa nimekaa.

Nililala wapi? Kwenye chumba kilichokuwa stoo, kitanda kimoja na dirisha la mbao. Chini ya kitanda alikuwapo mwenzangu, kuku wa madoadoa. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umemaliza kuku wote wa Mama isipokuwa huyo, naye aliamua kwamba chini ya kitanda changu ndiko kwa kutagia. Akitaga alitangaza boma zima lisikie. Mama aliingia, akainama, akatoka na yai, na asubuhi iliyofuata yai hilo lilikuwa limechemshwa na kuwekwa kando ya uji wangu wa mawele. Mimi nililila. Nilidhani yapo mengine.

Hayakuwapo. Ulikuwa msimu mbaya wa katikati, ghala limebaki karibu tupu na ndengu, yaani choroko, bado kijani shambani. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa nje na sahani yangu, kilima cha ugali na mboga ya kunde, na Mama alikuwa ameniambia yeye ameshakula. Chumvi ikakosekana. Nikaingia jikoni kuichukua, nikamkuta nyuma ya mlango ameipakata sufuria, anakwangua ukoko kwa kijiko, lile ganda la ugali linaloungua na kushika chini. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake. Hakushtuka wala kuona haya. "Nini?" akasema. "Mimi napenda ukoko." Nikachukua chumvi nikarudi nje, na ile sahani nikaimaliza, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Kuanzia hapo chakula kikawa kinanikwama. Kila tonge nilijua limetoka wapi. Mama yangu alitulea kwamba ukiwa kwa watu, mtoto mwenye adabu hukataa mara ya kwanza, na akipokea huacha kitu kwenye sahani. Kwetu kukataa ni heshima. Lakini nilijua Mama hangekubali nimkatalie hivihivi, angebishana, angeona nimemwona maskini. Nikatafuta njia ya kukataa isiyomgusa. Nikaipata, na wakati huo niliona ni ya busara sana.

"Mama," nikamwambia, "nimeingia maombi. Nafunga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Bwana anijibu."

"Unaomba nini?"

"Ni jambo la moyoni, Mama."

 Yeye pia ni mtu wa kanisa, hawezi kubishana na maombi. "Sawa," akasema. "Kuomba si mbaya." Tangu siku hiyo nikawa nakunywa maji, na jioni kikombe cha uji nikisukumwa sana. Mama hakuacha kupika. Alipakua sahani yangu, akaifunika, akaiweka mezani ikakaa hapo, kisha akairudisha jikoni. Mimi nilijiambia, angalau sasa anakula. Nililala na tumbo tupu juu ya kuku wa madoadoa nikijiona mtakatifu.

Lakini jembe halijui utakatifu. Jua la kule chini linapiga kichwa mpaka unaona mistari miwili ya ndengu pale palipo na mmoja. Baada ya siku chache nikaanza kupata shughuli sokoni, mara sabuni, mara kuchaji simu, na kila nikienda nilipitia kwenye kibanda cha mandazi na maharagwe. Nilikula kwa haraka nikiwa nimeipa barabara mgongo. Mwenye kibanda akanitazama siku moja akatabasamu.

"Si wewe ndio ule mgeni wa kwa Mama, pale juu ya dam? Tulisikia umefunga."

"Nimekuja kufungulia hapa," nikamjibu.

Tukacheka wote wawili, na nikaagiza maharagwe mengine. Nilikuwa nimeuza dukani miaka mingi, najua jinsi habari zinavyotembea sokoni, na bado nilidhani hiyo itakaa pale pale kwenye karai la mafuta.

Ndengu zikaanza kukomaa. Maganda yakibadilika kuwa meusi hayangoji mtu. Jua likiyapata yanapasuka na kumwaga punje chini. Ndiyo maana wanawake wa pale huvuna kwa zamu, leo wote kwako, kesho wote kwa mwenzako, na mwenye shamba huwapikia. Hakuna malipo mengine. Unakuja, unavuna, unakula, na zamu yako ikifika wao wanakuja kukuvunia, nawe unawalisha. Ni makubaliano yaleyale niliyofanya na Mama, ila wao wameyafanya tangu bibi zao.

Zamu ya kwanza ilikuwa kwa jirani wa karibu, mwanamke wa kwaya mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bwawa. Tulivuna tangu asubuhi, kisha akaleta githeri ya mahindi na maharagwe yenye viazi. Nikafikiri, hiki si cha Mama, nikila hapa simpunguzii yeye chochote, na nikikataa nitamvunja jirani moyo. Nikala. Nikaongezewa, nikala tena. Nilipoinua macho Mama alikuwa ameshika sahani yake, haili, anatazama chini kana kwamba ameangusha sindano. Nilidhani amechoka.

Kisha ikaja zamu yake. Aliamka mapema, akaazima sufuria kubwa kanisani, akachota ghalani mahindi na kunde za mwisho akapika githeri ya watu wengi. Tukakaa. Umande ukakauka. Mama akatoka mara mbili kutazama njia, akarudi akaongeza kuni ambazo hazikuhitajika. Baadaye zikaja salamu kupitia watu wanaopita: huyu mbuzi wake anaumwa, yule amekwenda kliniki, mwingine kichwa kinamgonga. Mwanamke wa kwaya hakutuma hata sababu. Saa ya jua kali tukaingia shambani wawili tu, na ndengu zikawa zinapasuka kila upande, ta, ta, kama mahindi kwenye kikaango. Tulikuwa tunavuna mstari mmoja huku mingine ikijimwaga.

 Jioni Mama aliifunika ile sufuria kubwa, imejaa vilevile. Sikuweza kuvumilia. Nikaenda kwa jirani, nikamkuta anapepeta nje.

"Mbona hamkuja?" nikamuuliza. "Ndengu zinaisha chini."

Akaweka ungo. Akanivuta nyuma ya nyumba, na ile sauti kubwa akaishusha.

"Dada, si wewe ndio utuambie? Uliona nini?"

"Niliona nini wapi?"

"Kwa hiyo nyumba. Kwa sufuria yake. Wewe ni mtu ya maombi, Mungu amekuonyesha. Kwa kibanda unakula. Kwangu umekula sahani mbili. Kwake peke yake ndio umefunga. Sisi si watoto."

Nilitaka kucheka. 

"Hata wale wazungu walikuwa wanakula kwake," akaendelea. "Mmoja alitapika usiku kucha, asubuhi akarudi akakula tena. Wewe mtu mweusi, mtu wa Meru, unajua mambo. Sasa watu wamekumbuka vile mzee wake alienda. Tumbo. Siku tatu. Nani ataweka mkono kwa hiyo sahani?"

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu ukoko, kuhusu yai, kwamba hakuna maombi yoyote, kwamba nilidanganya. Alinisikiliza kwa upole ule wa mtu asiyeamini. "Sawa, dada," akasema. "Kama ni hivyo." Na akauchukua ungo wake.

Nikarudi kwa Mama. Nimewahi kuiba embe, nimewahi kumdanganya mume, lakini sijawahi kujisikia mchafu kama jioni hiyo. Nilitaka kumwokolea mwanamke yai moja, na badala yake nilikuwa nimechukua jina lake nikalitupa njiani, na mume wake aliyekufa nikamfukua. Nililia kabla ya kufika, nikajifuta kwa leso, nikaingia shambani. Alikuwa bado anavuna, mgongo umeinama.

"Mama, sikuwa nafunga."

Aliendelea kuvuna.

"Nilikuona ukila ukoko. Nikaona ninakumaliza."

"Kwa hivyo ulinihurumia."

"Ndiyo, Mama."

Akanyooka polepole. Niliogopa atalia, ingekuwa afadhali. "Ukoko ni wangu," akasema. "Mimi ndio najua mbona naukula. Ile sahani ilikuwa yako, umeitolea jasho. Nikikupa kitu yako na wewe unaikataa, mimi nakulipa na nini? Nimelisha watu kwa hii boma tangu nilipoolewa. Hakuna mtu aliwahi toka hapa na njaa. Wewe umetoka na njaa ukaenda kuonyesha watu."

Nikainama nianze kuvuna kando yake.

"Nataka kukuuliza kitu," akasema. "Ulikuwa unaniogopa?"

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

Nikakumbuka utani wa shangazi, na ile sala ndefu juu ya sahani ya kwanza. Ningeweza kusema hapana mara moja, na kwa sehemu kubwa ingekuwa kweli. Nikachelewa kidogo tu. Mama alikuona kule kuchelewa. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyepewa bei aliyokuwa ameitarajia, akainama tena kwenye ndengu zake.

"Kesho utaenda nyumba kwa nyumba," akasema bila kuniangalia. "Usiwaeleze. Maneno umemaliza. Waambie tu waje kesho kutwa, waone ukila."

Nikaenda. Kila mlango niliofika walinipa kiti na hakuna aliyenipa chai, na hilo nililielewa. Wengine walisema wataona. Jirani wa kwaya alisema atakuja, kisha akauliza kama nitakaa mbele.

Asubuhi ya siku yenyewe niliamka nikasikiliza kama kawaida, na chini ya kitanda kulikuwa kimya. Nikatoka. Nyuma ya jikoni Mama alikuwa amechutama mbele ya karai la maji ya moto, ananyonyoa. Manyoya ya madoadoa yalikuwa yamemshika mpaka kwenye viwiko.

"Mama! Huyo si ndiye aliyebaki?"

"Ulitaka wakuone ukila nini?" akasema. "Maji?"

Nilisimama pale nimeshika mlango. Nilifunga ili asinipe yai, na sasa alikuwa ananipa kuku. Nikamwomba tupike githeri tu, au niende sokoni ninunue nyama kwa pesa yangu. Aliniambia nyama ya kununua italiwa hata nyumbani kwa mchawi, kwa kuwa imetoka mkononi mwangu. Lazima iwe yake, sufuria yake, mkono wake. Kisha akanituma kuni, nikaenda.

Walikuja. Nadhani ni udadisi uliowaleta zaidi ya upendo, lakini walikuja, na ndoo zao wakaziweka mbali kidogo na nyumba. Kwa kawaida chakula huliwa baada ya kuvuna. Siku hiyo Mama alipakua kabla, na hakuna aliyeuliza sababu. Aliweka kiti katikati ya uwanja akaniita, akanipa paja lenyewe, na mchuzi, na ugali unaofuka moshi. Wakasimama. Mwanamke wa kwaya alikuwa amekunja mikono kifuani.

Sala niliifanya fupi, macho wazi. Nikala. Nilikuwa na njaa ya wiki nzima na bado kila tonge lilishuka kwa kusukumwa, kwa sababu nilikuwa namla mwenzangu wa chini ya kitanda na wote walikuwa wanatazama koo langu. Nilimaliza paja, nikavunja mfupa, nikanyonya. Nikainua sahani.

"Mama, niongeze."

Akaniongeza. Nikamaliza. Bado hawajasogea. Ningefanya nini tena? Tumbo lilikuwa limejaa kweli. Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama, na ukoko uko wapi?"

Mmoja akacheka, halafu wote. Mgeni haombi ukoko. Ukoko huombwa na mtoto wa nyumba, yule aliyezoea sufuria ya mama yake mpaka anajua chini kuna nini. Mwanamke wa kwaya alikunjua mikono. "Ai, huyu ameingia kabisa," akasema, akavuta kigoda, akanyoosha mkono apewe sahani. Wengine wakafuata. Mama akaingia jikoni, nikasikia kijiko kikikwangua, akatoka na ukoko wote, hakujibakizia hata kipande, akaniwekea mbele. Nikautafuna wote. Ulikuwa mchungu kwa kuungua.

Baada ya hapo walivuna kwa nyimbo na kwa kelele, wakichekana, kana kwamba hakuna kilichotokea. Zilizobaki kwenye maganda zilijaza magunia machache. Zilizobaki chini ni nyingi zaidi, na hilo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisema. Jioni walibeba ndoo zao wakamwambia Mama kuku alikuwa mtamu. Akawasindikiza hadi njiani kama desturi, akarudi na nyungo mbili.

Mama akapiga magoti kwenye mstari wa kwanza, akaanza kuokota ndengu punje kwa punje kutoka mchangani, akipuliza vumbi. Nikapiga magoti kando yake. Nilijaribu kuinama nikashindwa; tumbo lilikuwa limenibana, linauma, kila nikisogea kuku na ukoko vinapanda. Nikakaa nimejishika mbavu, machozi yananitoka, nikitafuta namna ya kumwambia nisamehe.

Hakunipa nafasi. Alinisukumia ungo wa pili kwa kiwiko, macho yake bado chini kwenye mchanga.

"Inama, msichana yangu," akasema. "Leo umekula."